Kiti Mbele ya Mama Mkwe

Swali lilikuwa lile lile ambalo Wendy alikwisha kuulizwa na kila askari mwenye kalamu kutoka Karatina hadi Matuu, na kila mmoja alilisikiliza jibu lake kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Inspekta Mbithi alivuta kiti, akaketi, akaliuliza upya.

"Nani alimwinua nyanya yako kutoka kwenye kiti?"

"Si mimi, afande." Wendy hakuinua macho. Alikuwa amejikunyata ndani ya sweta aliloazimwa na Konstebo Nekesa, rasta zake zimeanza kufumuka kwa kulala seli. "Mimi nilikuwa nimeenda kutafuta maji moto ya uji. Hiyo story nimeirudia mpaka nimechoka. Hakuna mtu anani-believe."

"Ulimwacha na nani?"

"Na auntie Wavinya na mtoto wake."

"Na Wesley, mume wa shangazi yako?"

"Uncle Wesley hakuwa hapo! Hakukaa na sisi hata kidogo. Tangu Thika alikuwa kwa behewa la nyuma."

"Kwa nini?"

Msichana akainua mabega. "Sijui. Yeye ni mtu wa kujitenga tu. Hata kwao Athi River, Susu akikuja, yeye anatoka. Nilikuwa nafikiria hawapendani."

Mbithi hakuandika neno. Alikuwa na tabia hiyo iliyowakera wakubwa wake: mambo ya maana aliyaweka kichwani, yale ya kuwafurahisha mahakimu ndiyo aliyoyaandika.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi na kichungu. Bibi Kavutha wa Ndithini, ambaye Wendy alimwita Susu, alikuwa mjane wa Ndunda, mtu aliyefanya kazi ya kukarabati reli hadi mgongo ukapinda. Ndunda alimwahidi mkewe kwamba siku moja atampandisha treni amwonyeshe mlima wenye theluji, kisha akafa na ahadi yake mdomoni. Mjukuu, Wendy, ndiye aliyeiokota. Akatafuta treni ya matembezi, ya mabehewa ya zamani yaliyopakwa rangi upya, inayopanda kutoka Thika kupitia Sagana na Karatina hadi Nanyuki. Wakaingia: Kavutha, bintiye Wavinya akiwa na mtoto mchanga, mkwewe Wesley, na Wendy mwenyewe. Baba yake Wendy, Musau, ambaye ni kaka yake Wavinya, alibaki nyumbani na ng'ombe.

Kavutha hakufika Nanyuki. Wachungaji wa mbuzi walimkuta bondeni chini ya reli, mbele ya Karatina, amevunjika shingo, mkono wake ungali umeshika pindo la leso juu ya uso wake. Mlango wa behewa ulikuwa wazi. Wavinya na mumewe walieleza kwamba walikuwa wameketi pamoja na mama, Wendy akaja akamchukua ampeleke choo. Wendy alisema hakumchukua. Mpishi wa treni alisema alihudumia umati wa watu na wasichana wote wenye rasta kwake ni mmoja. Basi Karatina wakaamua kwamba msichana wa simu alifungua mlango ili apige picha za mlima, bibi akaponyoka. Kuua bila kukusudia. Faili likashushwa Matuu pamoja na mtuhumiwa, kwa kuwa jamaa wote walikuwa wa huku.

"Watu wazima wawili dhidi ya kasichana kamoja," mkuu wa kituo alikuwa amesema asubuhi hiyo. "Kesho anapanda kizimbani. Unataka nini tena, Mbithi?"

Kesho hiyo hiyo bibi yake alikuwa anazikwa Ndithini. Wendy alijua. Ndiyo maana chai ilikuwa inapoa mbele yake.

"Niambie mwendo wa safari," Mbithi alisema. "Si reli. Mwendo wenu. Nani alipanga mzee atembee saa ngapi, ale saa ngapi."

Kwa mara ya kwanza msichana alinyanyua uso. "Ni mimi nilipanga. Susu miguu ilikuwa inavimba akikaa sana. Kwa hivyo tulilala Matuu kwanza, tusimchoshe. Kwa treni, alikuwa akae dirishani mpaka Murang'a, halafu nimtembeze. Tukifika Sagana anatembea tena, tukipita hapo anakunywa uji, analala. Kule juu kwa makona sikutaka aamke kabisa. Treni inayumba sana huko."

"Na ilienda hivyo?"

"Mpaka Sagana. Hapo nikataka kumwinua, auntie akaniambia wacha alale, atatembea tukishapita Karatina, kuna hewa poa ya mlima. Nikaona ni mamake, anajua. Tukipita Karatina ndiyo nikasema nilete uji kwanza." "Nilirudi na flaski, kiti kiko tupu. Auntie amekaa, ananitazama tu. Ai, afande, ningekuwa nimebisha!"

Akalia sasa, kilio cha mtoto, pua na macho pamoja. Konstebo Nekesa akageukia ukutani.

Mbithi alisimama. "Mfunge pingu, Nekesa. Tunaenda naye Ndithini."

"Mkuu amekubali?"

"Mkuu ameambiwa tunaenda kupanga viti kama vilivyokuwa, tuone nani angeweza kumwona nani. Hiyo ni kazi halali. Twende kabla hajafikiria."

*

Boma la Kavutha lilikuwa limejaa. Turubai la kukodi lilikuwa limefungwa kati ya mwembe na ghala la mahindi, mabenchi ya kanisa yamepangwa chini yake, na nyuma ya ghala vijana walikuwa wanachimba kaburi kwa zamu. Udongo mwekundu ulirundikwa upande mmoja. Upande wa pili kulikuwa na ukuta wa ghala. Kati ya ukuta na shimo kilibaki kijia chembamba cha kuendea barabarani, na kila aliyepita hapo alipita kiubavu.

Landkruza ilipoegeshwa barabarani, Musau alikuja mbio hadi dirishani. Alimwona binti yake amefungwa pingu, akashika bati la mlango kwa mikono miwili.

"Mmemleta amwage machozi mbele ya watu? Hiyo ndiyo sheria yenu?"

"Baba Wendy, tulia," Mbithi alimwambia. "Nipe maneno machache pembeni."

Walisimama karibu na tangi la maji. Musau alikuwa mtu mpana, amekonda kwa siku chache hizo mpaka shati linamning'inia.

"Mama yako alikuwa na ugomvi na mtu?"

"Mama? Mama alikuwa anagombana na kuku tu."

"Na Wesley?"

Musau alitazama jikoni, ambako wanawake walikuwa wakiinua sufuria. "Hakuwa anagombana naye. Alikuwa ameamua. Aliniambia nitengeneze ile nyumba ya nyuma, niweke mlango mpya. Akasema safari ikifika mwisho, atatangaza kwa wote kwamba Wavinya harudi Athi River. Alikuwa ameona mwili wa dada yangu akioga. Unaelewa?"

"Naelewa. Wesley alijua mama amepanga hivyo?"

Hapo Musau alishindwa kumtazama usoni. "Nilimpigia simu. Nilikuwa na hasira, afande. Nilimwambia, mpige tu, hizo ni siku zako za mwisho, mama anamchukua mtoto wake. Hiyo ilikuwa wiki ile ya safari." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ningefunga mdomo wangu."

Mbithi hakumfariji. Alimwacha pale tangini, akaenda jikoni.

Alimkuta Wavinya nje ya jikoni, anakuna sufuria kwa majivu. Joto la Ndithini siku hiyo lilikuwa la kukausha mate, lakini mama huyu alikuwa amevaa sweta la sufi, mikono mirefu hadi vidoleni. Mtoto alikuwa mgongoni.

"Pole sana, mama."

"Asante."

"Nataka kuuliza jambo dogo. Nani alisema mama asitembee Sagana?"

Mkono wenye majivu ulisimama. "Alikuwa amelala. Nilimhurumia."

"Wazo lako mwenyewe?"

"Langu." Alirudi kukuna, kwa nguvu kuliko sufuria ilivyohitaji, na sweta likapanda juu ya kifundo cha mkono. Ngozi ilikuwa ya manjano na zambarau, alama za vidole vya mtu zimepangana. Alilivuta sweta chini haraka. Wote wawili wakajifanya hakuna kilichoonekana.

Wesley naye alikuwa kati ya wanaume, mwembamba, msafi, shati limepigwa pasi hata katika msiba. Alikuwa fundi wa mashine za kushonea katika kiwanda kimoja kule Athi River, na alikuwa na mikono ya kazi hiyo, vidole vigumu vyenye mafuta kwenye kucha. Mbithi aliitazama ile mikono. Faili la Karatina lilikuwa na mstari mmoja ambao hakuna aliyeujali: komeo la mlango lilikuwa gumu, la kuinuliwa na kuvutwa kwa wakati mmoja, na mlinzi wa treni mwenyewe lilimtoa jasho kulifungua.

"Afande," Wesley alisema kwa upole, "msamehe Wendy. Ni mtoto. Sisi kama familia hatuna haja ya kesi."

"Utu huo. Ulikuwa umekaa wapi, nikumbushe?"

"Mbele ya mama. Nimeshaandika Karatina."

"Mkiongea?"

"Mambo ya nyumbani tu. Nilikuwa nimempakata mtoto."

Chai ilikuwa inagawanywa. Wesley alipewa kikombe na kipande cha mkate, akaketi kwenye kiti cha plastiki mwisho wa safu. Akapiga funda moja. Wakati huo bibi mmoja mzee, mfupi, akatoka nyumbani akiegemea fimbo. Alikuwa Mutindi, dada yake marehemu wa tumbo moja, na sura yao ilikuwa moja. Alikuwa anaelekea kwenye turubai.

Wesley aliinuka kama aliyeumwa na siafu. Kikombe kikabaki kitini, mkate juu yake. Hakupita njia ya mbele, ambayo ingemkutanisha na bibi. Alizunguka turubai, akapita nyuma ya ghala, akaruka lundo la udongo wa kaburi, akatokea upande wa pili wa boma, akasimama hapo akitazama mlima wa Ndithini kana kwamba hajawahi kuuona. Bibi Mutindi naye alikuwa amevuta leso akaificha nusu ya uso wake, akangoja mpaka mtu yule apotee, ndipo akaendelea na safari yake.

Hakuna aliyestaajabu. Watu waliendelea na chai yao.

Mbithi alisimama palepale na kikombe mkononi. Mpumbavu mimi, akasema moyoni, nimelisoma faili hilo mara ngapi?

Mwenye kutoka mbali aelezwe, maana Karatina hawakuelezwa. Kwa Mkamba aliyelelewa na watu wa kale, mkwe na mama mkwe hawaketi wakatazamana. Hawashikani mikono. Hawali mmoja mbele ya macho ya mwingine. Wakikutana njiani, kila mmoja anatoka pembeni, na mama anajifunika uso mpaka mkwe apite. Hiyo inaitwa nthoni, ni heshima iliyochanganyika na haya, na dada wa mama mkwe naye ni mama mkwe vile vile. Vijana wa Syokimau hawaijui. Wanakula pilau meza moja na mama wakwe wao na dunia haianguki. Wazee wa makanisani wengine wameilegeza. Lakini Kavutha hakuilegeza kamwe, na mkwe wake alikuwa ndiyo kwanza ameruka udongo wa kaburi lake kwa sababu ya nthoni hiyo hiyo.

Na mtu huyo alikuwa ameapa mbele ya askari wa Karatina kwamba alikaa mbele ya mama mkwe wake, goti kwa goti, wakipiga soga.

Ulikuwa uongo mzuri kwa masikio ya kule. Mkwe kukaa na familia yake kwenye treni, nani angekuwa na shaka? Lakini uongo huo haukutarajiwa usomwe Ndithini.

"Nekesa," Mbithi aliita. "Mlete Wendy. Na mnipe mabenchi mawili."

*

Aliyapanga mwenyewe katikati ya turubai, yakiangaliana, karibu karibu kama viti vya treni. Waombolezaji wakasogea. Mzee mmoja wa kanisa alitaka kujua kama hii ni ibada au ni nini.

"Ni kazi ya serikali, mzee. Haitachukua muda. Wendy, wewe ulikaa wapi?"

Wendy alionyesha kwa mikono iliyofungwa. "Hapa kando ya Susu. Kabla niende."

"Mama Wavinya, wewe?"

Wavinya aliketi kwenye benchi la pili, upande wa ndani, mtoto mapajani.

"Na wewe, Wesley?"

Wesley alikuja akitabasamu kwa huzuni, tabasamu la mtu mwenye kusaidia. Akaketi kando ya mkewe. Mbele yake palikuwa patupu.

Mbithi alifungua faili, akasoma kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. "Nilikaa nikitazamana na mama mkwe wangu, tukiongea, mpaka Wendy alipokuja kumchukua. Sikuondoka kitini. Ni maneno yako?"

Minong'ono ikakatika. Wanawake waliokuwa wakiosha vikombe waliacha. Mzee mmoja akauliza kwa mshangao, "Atĩ?"

"Ni yangu," Wesley alisema, na sauti ilikuwa imepungua.

"Vizuri. Tunahitaji mtu wa kukaa mahali pa marehemu ili tupime." Mbithi aligeuka. "Mwaitu Mutindi, mama yetu, tafadhali, njoo uketi hapa."

Bibi akamtazama kama aliyetukanwa. "Mimi? Nikae mbele ya mkwe wangu? Wewe ni mtoto wa nani, huna mama?"

"Ni wa Mwala, mwaitu, na mama yangu angenichapa kwa jambo hili. Lakini kesho Wendy anafungwa."

Mutindi alimtazama mjukuu wa dada yake, pingu zile, sweta lile la kuazima. Akaguna. Akavuta leso usoni, akaanza kutembea kuelekea benchi, fimbo ikigonga ardhi taratibu.

Hakufika nusu ya njia kabla Wesley hajasimama. Alirudi nyuma mpaka miguu ikagonga benchi, macho yamekimbilia chini, mkono umenyanyuka mbele ya uso. Hata kama angetaka kubaki, mwili wake haukumuuliza.

"Kaa," Mbithi alisema.

"Afande, hii..."

"Kaa kama ulivyokaa kwenye treni."

"Hii ni mambo ya kizamani. Kwa treni ilikuwa tofauti. Huko hakuna mtu anajali."

"Basi ni rahisi. Ni benchi tu. Kaa."

Bibi Mutindi alikuwa ameshaketi, amejifunika. Wesley alijaribu. Watu wote waliona akijaribu: alipiga magoti nusu, jasho likimtiririka, akashindwa, akageuza uso pembeni kama mtu anayekwepa moshi. Musau akacheka kicheko kibaya.

"Tangu umwoe dada yangu hujawahi kumeza tonge hapa mama akiwa kwa boma! Siku ya mvua ulilala kwa gari ili usilale nyumba moja naye! Leo unatuambia ulikaa naye goti kwa goti?"

"Kiti kilikuwa kitupu," Mbithi alisema. Hakumwambia Wesley, alimwambia Wavinya. "Wendy alisema kweli. Mume wako hakuwa hapo, na wewe uliapa alikuwa hapo. Mama, kesho saa ile mnamshusha mama yako, huyu mtoto atakuwa mbele ya hakimu kwa sababu ya kiapo chako. Alikuwa wapi?"

Wavinya alimkumbatia mtoto. Wesley alisema jina la mkewe, mara moja, polepole, na kila mwanamke aliyekuwa pale alijua maana ya sauti ile.

"Auntie," Wendy alisema.

Wavinya aliinuka. Alivuka nafasi kati ya mabenchi, akamweka mtoto kwenye mikono ya Wendy, juu ya pingu. Halafu akakunja mikono ya sweta, mmoja baada ya mwingine, mpaka kwenye viwiko, watu wote waone. Mwanamke mmoja akamlilia Mungu, "Aiya, Ngai wakwa."

"Alinipigia simu kutoka behewa lile la nyuma," Wavinya alisema. "Tukiwa Sagana. Akasema mama asitembee, apumzike, atembee tukishapita Karatina. Nilifurahi. Nilifikiri ameanza kumhurumia, labda anataka amani. Wendy alipoenda kuchukua maji, akanipigia tena. Akasema, sasa mwinue atembee, mpeleke mpaka choo. Nikamwinua. Mama akatangulia, mimi nikiwa nyuma na mtoto."

"Endelea."

"Pale karibu na choo ni pembamba. Watu wawili hawapiti. Yeye alikuwa amesimama katikati. Mlango wa nje ulikuwa wazi, upepo unapiga, na chini ni bonde. Alisimama tu hapo, anamwangalia mama."

"Akamsukuma?"

"Hapana." Wavinya alikuwa haliangalii benchi wala watu. "Hakumgusa. Mama alipomwona alishtuka, akavuta leso akafunika uso. Halafu akatoka pembeni, upande wa ule mlango. Alimpisha tu. Vile amekuwa akimpisha siku zote."

Mtoto mikononi mwa Wendy alianza kulia, na msichana akambembeleza hivyo hivyo, pingu zikilia.

"Mmesikia!" Wesley alipaza sauti. "Mmesikia wenyewe! Sikumgusa! Nilikuwa nimesimama tu pale, kuna sheria gani inakataza mtu kusimama?"

"Pale wapi?" Mbithi aliuliza.

Neno lilikuwa limeshatoka kinywani mwa Wesley, na lilikuwa limesikiwa na kanisa zima.

"Karatina ulisema hukuondoka kitini. Sasa ulikuwa umesimama pale. Tutaulizia rekodi za simu zako, tujue ulimpigia mkeo saa ngapi na treni ilikuwa wapi. Na komeo lile, Wesley, halijifungui lenyewe. Marehemu alikuwa hawezi kufungua hata chupa ya soda, na mkeo alikuwa na mtoto mikononi. Wewe ni fundi. Nekesa, mfungue Wendy. Hizo pingu zina kazi nyingine."

Pingu zilipofungwa kwenye mikono ile yenye mafuta, Wesley hakupigana. Alikuwa amekaa sasa, kwenye benchi, kichwa chini. Musau alitaka kumrukia, wanaume wakamshika. Wavinya hakumtazama mumewe. Alirudi akaketi kando ya Wendy, akaweka kichwa begani kwa msichana ambaye yeye mwenyewe nusura amfungishe, na Wendy, Mungu ampe siku nyingi, hakusogea. Mbithi alimwomba Wavinya aende kituoni kesho kutwa kuandika taarifa nyingine. Kwamba ile ya kwanza ni kosa, na kwamba itabidi naye aijibu, hakumwambia. Siku hiyo ilikuwa imetosha.

Alimpigia simu mkuu wa kituo. Kuliwaka moto huko upande wa pili.

"Hakumgusa?" mkuu alifoka. "Sasa mashtaka nitayaandika vipi? Kwamba aliua kwa kusimama?"

"Andika kwamba alifungua mlango, akaziba njia nyingine yote. Andika kwamba alijua mama yule hawezi kukutana naye uso kwa uso hata kwa kufa. Nina ushahidi wa watu wa kanisa zima kwamba alijua."

"Mahakama itaelewa hiyo?"

"Tutawaelewesha," Mbithi alisema, ingawa hakuwa na hakika hata kidogo, akakata simu.

Gari lilikuwa barabarani, na njia ya kufika huko ilikuwa ile moja, kati ya ghala na kaburi. Wachimbaji walikuwa wametoka shimoni, wameegemea majembe. Nekesa alimtanguliza Wesley, Mbithi akafuata. Walipofika katikati ya kijia wakasimama, kwa sababu mbele yao, kutoka upande wa barabara, palikuwa na mtu.

Bibi Mutindi alikuwa amezunguka boma bila mtu kumwona. Alikuja akiegemea fimbo yake, taratibu, katikati kabisa ya kijia. Leso ilikuwa mabegani. Uso wake, ule uso wa Kavutha, ulikuwa wazi.

Wesley alitazama chini. Alingoja bibi atoke pembeni, kama walivyotoka yeye na dada yake miaka yote.

Mutindi hakutoka. Alikuja mpaka wakawa karibu kupumuliana, akamtazama machoni kwa mara ya kwanza tangu amjue.

"Leo," akasema, "pisha wewe."

Wesley alipiga hatua moja nyuma, nyingine pembeni. Udongo mwekundu ulimomonyoka chini ya kisigino chake ukaporomoka shimoni, mguu mmoja ukaning'inia hewani. Mikono yake ilikuwa imefungwa. Hakuwa na cha kushika. Konstebo Nekesa alimdaka ukosi wa shati, akamvuta kwa nguvu zake zote mpaka kifungo kikakatika, akamsimamisha ukutani mwa ghala akihema.

Bibi alipita. Hakuharakisha. Vijana wale walirudi shimoni kuutoa udongo uliomwagika.